Maswali Mawili Yanataka Majibu Mawili

Siku hizi hata vijijini kwetu wapo vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa Kiingereza unaoitwa IELTS. Wengine ni wauguzi wanaotaka kufanya kazi Uingereza. Wengine wanatafuta nafasi ya chuo katika nchi za nje, na chuo kinataka kwanza hati ya kuonyesha kwamba Kiingereza wanakijua. Ada ya mtihani huu si mchezo. Kwa familia ya mkulima huenda ikawa ni bei ya ng'ombe. Akishindwa, ada hairudishwi. Na hata akishinda, hati yake kwa kawaida hukubaliwa kwa miaka miwili tu.

Kwa hiyo inafaa wazazi, na ninyi wanakisomo mnaoendelea na masomo ya Kiingereza jioni, mjue vijana hujikwaa wapi. Hapa tutaeleza sehemu moja tu, yaani insha yenye maswali mawili.

Mtihani huu ulianza mwaka 1989. Wenye mali ni British Council, IDP na Cambridge kwa pamoja. Kuna kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na alama huanzia 0 mpaka 9. Kuandika huchukua dakika 60, na ndani yake mna kazi mbili. Kazi ya kwanza ni fupi, maneno yasiyopungua 150. Ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na uzito wake ni mara mbili ya ile ya kwanza. Mtahiniwa hushauriwa aitengee dakika 40.

Kuandika ndiko kunakowasumbua wengi. Baraza la wauguzi la Uingereza lilikuwa likidai alama 7 katika kila sehemu. Mwezi Desemba 2018 lilipunguza alama ya kuandika peke yake ikawa 6.5. Sehemu nyingine tatu zilibaki 7. Ukiitazama, nusu alama ni kitu kidogo, lakini ilikuwa imewazuia watu waliokwisha kufaulu mengine yote.

Sasa tutazame insha yenyewe. Karatasi huanza na sentensi moja au mbili zinazoeleza jambo fulani. Chini yake yanakuja maswali mawili. Tumetunga mfano huu kwa Kiswahili ili kila mtu aufuate, ingawa katika mtihani kila kitu ni kwa Kiingereza:

"Katika nchi nyingi vijana wanaacha kilimo na kuhamia mijini. Kwa nini wanafanya hivyo? Je, mabadiliko haya ni mema au mabaya?"

Swali la kwanza linataka sababu. La pili linataka maoni yako. Ni maswali ya aina mbili, na hapo ndipo mtego ulipo. Kijana akishaanza kutaja sababu, kalamu inakimbia. Anaandika umaskini, anaandika umeme, anaandika barabara, mpaka muda unakwisha. Kisha mwishoni anapachika sentensi moja: "Kwa hiyo jambo hili ni baya." Anadhani amejibu. Wapi!

Wasomaji wetu mnaoandika barua mnalijua jambo hili. Mtoto yuko mjini, anaandika: "Je, mvua imenyesha? Na shamba la bondeni limelimwa, au nitume fedha za trekta?" Baba anajibu kurasa mbili juu ya mvua, jinsi ilivyoanza, jinsi mto ulivyofurika, jinsi daraja lilivyokwenda na maji. Barua nzuri sana. Lakini habari ya shamba hakuna. Mtoto hajui atume fedha au asitume, na msimu unapita.

Msahihishaji naye ndivyo anavyoona. Yeye hupima mambo manne, na yote yana uzito sawa: kama swali limejibiwa, kama mawazo yamepangwa vizuri, kama maneno ni mengi na yanafaa, na kama sarufi ni sahihi. Tuseme kijana wetu amepata 7 katika mambo matatu ya mwisho. Kiingereza chake kizuri. Lakini swali la pili amelijibu nusunusu, basi katika jambo la kwanza amepewa 5. Jumlisha: 7 na 7 na 7 na 5 ni 26. Gawa kwa 4, unapata 6.5. Chuo kilikuwa kinataka 7. Huyu hakuangushwa na Kiingereza. Ameangushwa na kutosoma swali mpaka mwisho.

Dawa yake ni kutumia dakika 5 za mwanzo bila kuandika insha. Asome maswali yote mawili, apige mstari chini ya kila moja. Kisha agawe karatasi pande mbili, huku aandike majibu ya swali la kwanza kwa maneno machache, huku ya swali la pili. Upande mmoja ukiwa mtupu, asianze kuandika.

Insha yenyewe iwe na aya nne. Ya kwanza ni fupi. Inalitaja jambo kwa maneno ya mwandishi mwenyewe, asinakili maneno ya karatasi, na inatoa majibu yote mawili kwa ufupi. Aya ya pili ni ya swali la kwanza peke yake. Ya tatu ni ya swali la pili peke yake. Ya nne ni sentensi moja au mbili za kufunga. Maneno 45, kisha 95, kisha 95, kisha 30, jumla 265. Inatosha. Dakika 5 za mwisho ni za kutazama makosa.

Katika aya ya pili, sababu mbili zilizoelezwa zinashinda sababu sita zilizotajwa tu. Angalieni hii: "Vijana wanahama kwa sababu hakuna fedha, hakuna maji, hakuna umeme, na barabara ni mbovu." Hiyo ni orodha, kama ya kwenda dukani. Sasa angalieni hii: "Sababu moja ni kwamba shamba halitoi fedha kila mwezi. Mkulima wa pamba hupanda Desemba na kuuza Mei au Juni. Katikati hapo mfuko ni mtupu. Mjini hata mbeba mizigo hulipwa jioni ile ile." Hapo msomaji anaelewa na anakubali.

Aya ya tatu ni ya kuchagua upande. Msahihishaji hajali umechagua upi, anajali kwamba umechagua na umetoa sababu. Kwa mfano: "Naona hasara ni kubwa kuliko faida. Kazi ya shamba inabaki kwa wazee, na bibi wa miaka 70 hawezi kulima ekari tatu. Mavuno yakipungua kijijini, mjini nako bei ya unga inapanda." Anaruhusiwa kusema kuna mema na mabaya, ila aseme yapi yanazidi. Na kama alisema "mabaya" katika aya ya kwanza, asigeuke mwishoni akasema "mema".

Jambo jingine. Kuna watu wanaouza insha zilizokwisha kuandikwa, eti kijana azikariri. Sisi hatushauri hata kidogo. Wasahihishaji wanazitambua, na insha ya kukariri haijibu swali la siku hiyo.

Mzazi asiyejua Kiingereza ataweza kusaidia? Ndiyo, tena sana. Jioni mkiwa mnachambua maharage, mwulize mtoto maswali mawili kwa Kiswahili, na ajibu kwa mdomo. Yeye aseme, wewe usikilize. Akimaliza mwulize, "La pili umelijibu wapi?" Akishindwa kukuonyesha, arudie. Akiweza kwa Kiswahili, mpangilio huo huo atauhamishia kwenye Kiingereza. Maneno ndiyo yatakayobadilika.

Wanaopenda kujaribu, haya hapa mawili ya kuanzia. La kwanza: Watu wengi siku hizi hutumiana habari kwa simu badala ya kutembeleana. Kwa nini imekuwa hivyo? Je, jambo hili linajenga undugu au linaubomoa? La pili: Katika sehemu nyingi misitu inakatwa. Ni nini kinachosababisha? Wanakijiji wafanye nini ili kuizuia hasara hiyo? Hili la pili haliulizi jema au baya. Linataka hatua za kuchukua, kwa hiyo soma tena kabla ya kushika kalamu.