Maji ya Mvua na Watu wa Visiwani: Hali ya Jamaa Zetu wa Lamu Mashariki

Mji wa Kale wa Mombasa una nyumba nyingi ambazo nasaba zao zinarejea Pate, Siyu, Faza, Kizingitini au Ndau. Wako waliokuja zamani kwa biashara na elimu. Wako pia ambao wazee wao walihamishwa na vita vya shifta vilivyoanza mwaka 1963, pale Wabajuni wa vijiji vya mwambao wa bara walipoyaacha mashamba na visima vyao, wakakimbilia visiwani, Malindi na hapa Mombasa. Kwa hiyo habari za visiwa vile si habari za watu wa mbali. Ni habari za mashangazi, wajomba na mabibi zetu.

Sensa ya Agosti 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu. Miaka kumi kabla yake, walikuwa 101,539. Mwenye kuzitazama hesabu hizi juu juu atasema kuwa Lamu imejaa neema na watu wanaikimbilia. Lakini tukizigawa, tunaona jambo jingine. Lamu Mashariki, yaani Kisiwa cha Pate, Ndau na Kiwayuu, pamoja na Kiunga na Basuba zilizo bara, ilikuwa na watu 18,841 mwaka 2009, na ikafika 22,258 mwaka 2019. Waliosalia wote wako Lamu Magharibi, ambako ndiko uliko mji wa Lamu wenyewe na mashamba ya Mpeketoni yaliyoanza kugawiwa walowezi katika miaka ya 1970. Katika kila watu 100 walioongezeka Lamu kwa miaka ile kumi, 8 tu ndio walioongezeka upande wa Mashariki. Mvita, ambayo ndiyo kisiwa chetu, ilikuwa na watu 154,171. Karibu mara saba ya Lamu Mashariki yote.

Uchache huu una madhara yake. Penye watu wachache, barabara, daktari na mfereji huchelewa kufika. Na visipofika, vijana huondoka, nao uchache ukazidi. Hivyo ndivyo Pate, iliyokuwa na masultani wake na iliyomlea Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, imekuwa leo mahali ambapo mama mwenye uchungu mzito huangalia kwanza bahari. Faza ina hospitali, lakini akihitaji matibabu makubwa zaidi hupelekwa kwa mashua Hospitali ya King Fahd mjini Lamu. Njia hupita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Kisiwa cha Manda na bara. Maji yakitoka, kina chake hupungua. Na msimu wa kusi, bahari ya nje ya visiwa huchafuka.

Riziki nayo imebanwa. Wanaume wengi wa Kizingitini na Faza ni wavuvi wa samaki na kamba. Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ilijengwa katika maji waliyoyategemea. Mahakama Kuu ya Malindi iliamua mwaka 2018 kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ilithibitisha kuwa hasara yao ilikuwa ya kweli.

Hata hivyo, linalowagusa wanawake kila kulipopambazuka ni maji. Visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvi. Wazee walijenga majabia: sakafu pana yenye mteremko inayopokea mvua na kuiteremsha katika birika lililofunikwa. Mvua za mwaka zikiwa njema, jabia hujaa na kijiji hunywa kwa miezi. Mvua zikikosa, au sakafu ikipasuka na birika kuachwa bila kusafishwa, mzigo humrudia mwanamke na binti yake, na saa za masomo huishia kisimani.

Sisi wa Mombasa tusijione tuko mbali na jambo hili. Kisiwa chetu nacho hakijitoshelezi kwa maji. Tunanywa ya Mzima na Baricho, yaliyotoka nje kabisa ya kisiwa. Tofauti ni kwamba sisi tuko wengi, sauti yetu ikasikika, bomba likaletwa. Wao ni wachache.

Desturi yetu ni kumsaidia jamaa wa visiwani kwa kumwita mjini: mtoto aje asome, mgonjwa aje atibiwe. Ni wema mkubwa. Lakini msaada unaomwezesha mtu kukaa kwao kwa heshima una thamani yake pia. Tazama hesabu hii: paa la mabati la mita 50 za mraba, likipata mvua ya milimita 20, linaweza kukinga lita 1,000, sawa na mitungi 50 ya lita 20. Linahitaji mlizamu na tangi tu. Jabia la kijiji linahitaji saruji ya kuziba nyufa na mikono ya kulisafisha kabla ya mvua.

Saad bin Ubada (R.A.) alipofiwa na mama yake, alimuuliza Bwana Mtume (S.A.W.) juu ya sadaka iliyo bora, akaelekezwa kwenye maji, naye akachimba kisima kwa ajili ya mama yake. Familia zinazokusanyika kwa khitma za wazee wao waliozaliwa Siyu au Faza zina nafasi ya kuchangishana pale pale, mmoja akapewa amana ya kupiga simu kijijini kuuliza: jabia letu liko katika hali gani? Mvua za mwaka huanza kunyesha kuanzia Aprili. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuliuliza swali hilo kabla hazijafika. Amin.