Sumu Inayobaki Baada ya Kijidudu Kufa

Wako wananchi wengi, na hata baadhi ya watumishi wa serikali wenye dhamana ya bohari za dawa, wanaoamini kwamba maji yakitokota kila ovu lililokuwamo limekwisha. Kwa maji ya kunywa imani hiyo ni njema, nasi tunawahimiza wananchi waendelee nayo. Lakini kwa maji yaingiayo mshipani mambo ni mengine, na ni wajibu wetu kueleza kwa nini.

Mnamo mwaka wa 1892, mjini Berlin, Richard Pfeiffer alikuwa akichunguza kijidudu cha kipindupindu, maradhi ambayo sisi watu wa visiwani hatuhitaji kujulishwa. Aliviua vijidudu kwa joto, kisha akawadunga wanyama. Wanyama wakafa. Sumu, basi, haikuwa kitu ambacho kijidudu hukitema kikiwa hai. Ilikuwa sehemu ya mwili wake wenyewe. Akaiita endotoksini, yaani sumu ya ndani. Leo yafahamika kuwa imo katika gamba la nje la kundi kubwa la bakteria, wakiwamo wa homa ya matumbo na wengi wanaoishi matumboni mwetu sote. Kuchemsha hakuiondoi. Vyombo vya kioo huokwa kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa ndipo iangamie. Mwaka 1923, Bibi Florence Seibert wa Chicago alionyesha kuwa homa zilizowapata watu baada ya sindano hazikutoka katika dawa, bali katika maji yaliyokwisha kuingiwa na bakteria.

La ajabu ni kwamba sumu hii yenyewe haiunguzi wala haikati kitu mwilini. Ni mbiu tu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na chembe za ulinzi zikiisikia hupandisha joto, hupanua mishipa na kuita wenzao. Ulinzi huo ukipita kiasi, mishipa huvuja, shinikizo la damu huanguka na viungo hukosa hewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Wataalamu walikadiria kuwa katika mwaka wa 2017 watu milioni 11 duniani walifariki kwa ulinzi uliokwenda kombo namna hiyo, ukiamshwa na vijidudu vya kila aina.

Kwa kuwa endotoksini huamsha ulinzi bila kuleta maradhi yenyewe, wataalamu wameifanya chombo cha uchunguzi. Watu wazima wenye afya, kwa hiari yao, hudungwa nanogramu mbili hadi nne kwa kila kilo ya uzito. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Baada ya muda mfupi hutetemeka, kichwa huuma, homa hupanda. Kesho yake ni wazima, na waganga wamekwisha kuchukua damu yao saa baada ya saa, wakaona ni chembe gani iliyotangulia na ipi iliyofuata.

Walikuwako pia panya wa maabara ambao sumu hii haikuwashtua hata kidogo. Mwaka 1998, huko Dallas, Bruce Beutler na wenzake waligundua sababu: panya hao walikuwa na kasoro katika kipokezi kiitwacho TLR4, sikio la kusikilizia mbiu ile. Ugunduzi huo ulimpatia Beutler sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Mtu angedhani panya hao wamebahatika. Kumbe bakteria hai wachache tu waliweza kuwaua, kwa sababu hakuna aliyeamshwa kupigana. Kadhalika dawa iitwayo eritoran, iliyotungwa kuziba sikio hilo, ilijaribiwa kwa wagonjwa mahututi wapatao 2,000. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa haikupunguza vifo. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaotaka kila homa izimwe mara moja.

Namna ya kuipima sumu hii ilitoka baharini. Yuko mnyama wa pwani za Marekani na Asia, asiyepatikana kwetu, ambaye kwa umbo la gamba lake Waingereza humwita kaa wa kiatu cha farasi, ingawa ni jamaa ya buibui na nge. Damu yake ni ya buluu, nayo huganda ikikutana na endotoksini. Frederik Bang alililigundua jambo hilo mwaka 1956. Yeye na Jack Levin wakatengeneza kipimo, na mwaka 1977 Marekani ikaanza kukikubali mahali pa sungura waliokuwa wakidungwa na kupimwa homa. Wanyama hao hutolewa damu na kurudishwa baharini, na baadhi yao hufa. Ndipo wataalamu wa Singapore, wakazi wa kisiwa kama sisi, Ding Jeak Ling na Ho Bow, wakaitengeneza maabarani protini ile ya damu bila kumgusa mnyama. Ulaya iliuingiza utaratibu huo katika kanuni zake za dawa mwaka 2021.

Kwa hiyo ndugu zetu wanaotia saini hati za ununuzi wa dripu wasiridhike na neno moja tu kwamba vijidudu vimeuawa. Waulize pia cheti cha kipimo cha endotoksini. Kwa maji ya sindano, kanuni haziruhusu kuzidi vizio 0.25 kwa kila mililita.