Jina «Luba»: ni luga moja ao jamaa ya luga?

Kijana mumoja wa Mitwaba alikwenda kuandikisha jina lake katika ofisi fulani. Walipomuuliza luga ya nyumbani kwao, alijibu: Kiluba. Karani akaandika: Tshiluba. Kijana akakataa, karani akacheka: «Si ni kitu kimoja?» Wasomaji wapendwa, si kitu kimoja. Lakini karani naye hakukosa kabisa, na kwa sababu hiyo tunapenda kueleza jambo hili.

Tuanze na neno lenyewe. Ki- na tshi- ni mwanzo mumoja wa neno. Watu wa Kasai wanalainisha k mbele ya i, wa Katanga wameiacha. Basi ni jina moja linalotamkwa namna mbili, maana yake luga ya Baluba. Luga zenyewe, lakini, zimeachana tangu zamani. Mutu wa Mitwaba akiwa na kiu anaomba mema, mutu wa Mbuji-Mayi anaomba mâyi. Huku nyumba ni njibo, kule ni nzubu. Muntu ni muntu pande zote mbili. Watasikilizana kidogo kidogo njiani. Yakija mashauri marefu ya mahari, wataita Kiswahili kiwasaidie.

Wataalamu wakaongeza maana nyingine. Katika mwaka 1948 Malcolm Guthrie, mwalimu wa London, alipanga luga za Kibantu kwa herufi na hesabu. Kundi la L.30 akaliita Luba. Humo mna Tshiluba cha Kasai (L.31), Kikanyok (L.32), Kiluba cha Katanga (L.33), Kihemba (L.34) na Kisanga (L.35). Kizela, kinachosemwa katika inchi ya Mitwaba, wataalamu wa nyuma walikiweka karibu sana na Kiluba cha Katanga. Hapa «Luba» ni kama jina la ukoo ambalo jamaa yote imepewa kwa sababu ya mutoto mumoja aliyejulikana zaidi. Musanga akisoma kwamba luga yake ni ya kundi la Luba, asizani amenyanganywa Kisanga chake. Herufi L haisemi nani alimutawala nani. Mambo ya utawala ni habari nyingine: Edmond Verhulpen, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alisema juu ya Baluba na juu ya watu «waliofanywa Baluba». Neno hilo la pili limeudhi wengi, na sisi hatulipendi.

Kuchanganya maana hizi si kosa la vitabu tu. Katika miaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa katika Katanga, na kule Likasi wengi walilala siku nyingi penye gare wakingoja treni. Wengi wao waliitwa Baluba. Lakini Baluba wengine, wa Katanga, walikuwa wenyeji wa inchi hiyohiyo, na walibaki. Jina moja lilikuwa pande zote mbili za njia ya treni. Si ajabu kwamba leo watu wa Lubumbashi wanatenga: huyu ni Mukasai, yule ni Lubakat, neno lililotoka katika Balubakat, chama cha Jason Sendwe.

Katiba ya mwaka 2006 inataja luga ine za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Kiluba cha Katanga hakimo. Karani akisema Tshiluba ni luga ya taifa, anasema kweli. Akikiandika mahali pa Kiluba cha kijana wetu, anamuhamisha Kasai bila treni. Sisi tungeandika «Kiluba cha Katanga», na ndani ya kitabu cha wataalamu, «kundi la Luba», bila kuacha neno «kundi».

Wenzetu wa seminari wanaotumwa mbali walijue hili mapema. Mwenye kitabu cha sala cha Kasai atamutaja Mvidi Mukulu mbele ya Wakristo wa Mitwaba wanaosema Vidye, nao watatambua neno ni ndugu ya lao. Penye maungamo, undugu huo wa maneno hautamufikisha mbali.