Fidla Juu ya Barafu

Haya wajukuu, tulieni. Leo nawasimulia habari za mwanamke aliyegandishwa miguu barabarani kwa hiari yake.

Anaitwa Laurie Anderson, Mmarekani. Mwaka 1974 alikuwa akisimama kwenye mitaa ya New York na fidla yake, fidla hiihii mnayoisikia ikilia katika taarabu. Miguuni amevaa viatu vyenye vyuma chini, vile ambavyo watu wa nchi za baridi huvitumia kutelezea juu ya maziwa yaliyoganda. Lakini yeye hatelezi. Vyuma vimegandishwa ndani ya mapande mawili ya barafu, kama yale yanayoshushwa soko la samaki alfajiri. Hasogei, anapiga. Ndani ya fidla kaficha spika ndogo inayotoa muziki aliourekodi mapema, kwa hiyo anapiga pamoja na nafsi yake. Na saa yake ni maji. Barafu inadondoka tone, tone, tone. Ikishayeyuka hata akayumba na kukosa pa kusimama, onyesho limekwisha.

Mwaka uliofuata akaenda na onyesho hilo Genoa, Italia. Kila akipumzika, akawa anawaeleza wapita njia, kwa Kitaliano cha kubabaisha, kwamba nyimbo zile anampigia bibi yake. Siku bibi alipofariki, yeye alitoka akaenda kwenye ziwa lililoganda, akakuta bata wanapiga kelele. Akawasogelea, hawaruki. Akawakaribia zaidi, bado hawaruki. Kumbe miguu yao imeshikwa na barafu! Basi bwana mmoja akawageukia wenzake akawafafanulia: huyu dada anapiga hivi kwa sababu siku moja yeye na bibi yake waliganda pamoja ziwani. Nalipenda sana kosa lile. Yule bwana hakuyashika maneno, lakini bibi, barafu na majonzi alivishika vyote.

Laurie alizaliwa tarehe 5 Juni 1947 huko Glen Ellyn, karibu na Chicago, katika nyumba ya watoto wanane. Fidla aliianza utotoni, akafika kupiga katika okestra ya vijana ya Chicago. Alipokuwa na miaka 12 alitaka kuwaonyesha watu mbwembwe bwawani. Akaruka kutoka kwenye ubao wa kurukia, akayakosa maji, akaangukia saruji. Mgongo ukavunjika. Daktari akamwambia hatatembea tena.

Alitembea. Na kwa miaka mingi aliisimulia habari ile kama kichekesho: eti watu wazima wanakuja kitandani kwake hospitalini kumsomea vihadithi vya sungura, na yeye tayari alikuwa anasoma vitabu vinene. Siku moja, katikati ya kusimulia, akaikumbuka wodi yenyewe. Alikuwa amelazwa pamoja na watoto walioungua moto. Usiku walilia, na wengine walikuwa wanakufa. Miaka yote hiyo sauti zile alikuwa ameziacha nje ya hadithi yake, bila kujua kwamba ameziacha.

Baada ya kusoma historia ya sanaa na uchongaji vyuoni New York, mwaka 1977 alitengeneza fidla ambayo haikuwahi kuonekana. Nieleze kidogo hapa. Fidla ya kawaida ina nyuzi nne, na hupigwa kwa upinde, kijiti kirefu kilichofungwa manyoya ya mkia wa farasi. Manyoya yakisugua uzi, uzi unatetemeka, na tumbo la fidla linaikuza sauti. Yeye akayatoa manyoya, akafunga utepe wa kaseti wenye maneno yaliyorekodiwa. Na juu ya fidla, mahali pa kusugua, akaweka kile kidude kinachougusa utepe ndani ya redio kaseti. Akivuta upinde upande mmoja, fidla inatamka neno. Akiurudisha, neno linatoka kinyumenyume. Jaribuni wenyewe na neno "ua": lirudisheni nyuma, mtapata "au". Akivuta polepole, sauti inakuwa nzito kama ya babu. Akiharakisha, inakuwa nyembamba kama ya kifaranga.

Umaarufu ulimjia mwaka 1981 kwa wimbo "O Superman". Una dakika zaidi ya nane, umejengwa juu ya "ha" moja inayorudiwarudiwa, na sauti ya Laurie imepitishwa kwenye mashine mpaka inasikika kama kwaya nzima. Nani angetegemea? Ukapanda hadi nafasi ya 2 Uingereza. Miaka miwili baadaye, Brooklyn, alitoa onyesho lenye urefu wa saa nane hivi, likagawanywa usiku mbili. Mwaka 2003 shirika la anga la Marekani, NASA, lilimkaribisha kuwa msanii wake mkaazi wa kwanza. Na mwaka 2010, huko Sydney, aliandaa tamasha la muziki kwa ajili ya mbwa.

Mwaka 2015 alitoa filamu, "Heart of a Dog", na humo barafu ikarudi. Mama yake alikuwa amefariki, na mapenzi baina yao hayakuwa mepesi. Mwalimu wake akamtaka atafute siku moja tu ambayo mama alimpenda bila kubakiza kitu. Akatafuta, akatafuta, akaipata ziwani.

Alikuwa mtoto, anawasukuma wadogo zake wawili, mapacha, katika kigari, juu ya ziwa lililoganda. Barafu ikapasuka, kigari kikazama na watoto ndani yake. Akapiga mbizi kwenye maji yale ya baridi, akamkamata mmoja, akamrusha juu ya barafu. Akarudi chini kwenye matope, akapapasa mpaka akampata wa pili. Akakimbia nao nyumbani, mmoja kila kwapa, akijiuliza atamwambia nini mama.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Hakumkaripia. Alimsifu kwa kuogelea kwake, akasema hakujua kumbe na kupiga mbizi anajua vizuri namna ile.