Makumbusho Yapike Pilau

Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni ya Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, yalifunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Humo limehifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Hata hivyo, kwa wakazi wengi wa Kariakoo, jengo hilo, lisilo mbali ukishavuka Mnazi Mmoja, ni mahali pa ziara ya shule: mtu hupelekwa akiwa darasa la tano, basi. Kasoro haiko kwenye vitu vilivyomo. Familia hutoka pamoja kukiwa na ngoma, chakula na uwanja wa watoto kucheza. Kijiji cha Makumbusho, tawi la taasisi hiyohiyo kule Kijitonyama, kinalijua hilo, maana ngoma huchezwa pale katikati ya nyumba za asili.

Makumbusho ya Shaaban Robert nayo yakiandaa tukio la familia lenye ngoma na pilau, wapo watakaosema masufuria yataishusha hadhi taasisi ya elimu. Hofu ya moshi na mafuta kufikia vitu vya kale ni ya haki, ila dawa yake ni kupikia uani. Hoja ya hadhi ni dhaifu zaidi, kwani iliki na mdalasini husimulia biashara ya Bahari ya Hindi vizuri kuliko kibao cha maelezo (na kibao hakiliki). Kigumu hasa ni siku. Tukio la Jumatano mchana, hata likiwa bure, halimhusu mchuuzi wa Mtaa wa Kongo. La Jumapili jioni atalifikiria, mradi tangazo limemfikia sokoni.