Je, Wajua? Boyi na Yaya wa Bujumbura

Je, wajua kwamba kima cha chini cha mshahara Burundi kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura, 105 mikoani? Kiliachwa hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka 30, hadi fedha hiyo ikawa haipati hata yai moja sokoni. Ndiyo maana mshahara wa boyi (mtumishi wa kiume wa nyumbani) wa mtaa wa Kinindo au yaya wa mtaa wa Buyenzi hupangwa sebuleni, kwa mdomo, siku komisyoneri, yaani dalali wa wafanyakazi, anapomleta kutoka Ngozi au Kayanza. Na mara nyingi anayeletwa bado ni mtoto. Alfajiri, wenzake wakivaa sare za shule, yeye ameshachota maji, amewasha mbabula, jiko la mkaa, na kubandika maharage.

Je, wajua kwamba jina la mfanyakazi huyo limewahi kuandikwa na wakubwa? Baada ya machafuko ya kisiasa ya 2015, baadhi ya mitaa ya Bujumbura iliwekewa daftari la kaya. Kila aliyelala katika nyumba aliorodheshwa, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo. Basi kalamu na karatasi vilipatikana kwa ajili ya usalama. Kwa ajili ya mshahara wake, tarehe ya malipo na siku ya mapumziko, mpaka leo wengi hawajaandikiwa hata mstari mmoja, na hilo linauma.

Je, wajua kwamba 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika na pia Siku ya Wafanyakazi wa Nyumbani? Tarehe hiyo, mwaka 2011, mjini Geneva, ulipitishwa Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu wafanyakazi wa nyumbani: mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, haki ya kukaa na vitambulisho vyako mwenyewe, na ruhusa ya kutoka nje siku yako ya kupumzika. Mauritius iliuridhia mwaka uliofuata. Hadi 2023 Burundi haikuwa imefanya hivyo, ingawa Sheria yake ya Kazi ya Novemba 2020 imeigusa pia sekta isiyo rasmi.

Je, wajua kwamba mwaka 2021 Burundi ilitia saini makubaliano na Saudi Arabia kuhusu wafanyakazi wa nyumbani? Binti wa Kirundi anayepitia njia hiyo kwenda Riyadh husafiri na mkataba ulioandikwa. Dada yake aliyebaki Kinindo anaosha vyombo kwa ahadi ya mdomo, na mkataba wake ungetosha kwenye ukurasa mmoja.