Uozo wa Kahawia: Jina la Tabia na Suala la Nasaba

Ng'ambo ya Unguja ilipata jina kutokana na mahali ilipo, yaani upande wa pili wa mkono wa bahari ulioitenga na Mji Mkongwe kabla ya kufukiwa. Wenyeji wa kisiwa, watu wa bara, Wangazija na wengineo walikutana hapo, wakaitwa watu wa Ng'ambo pasipo kuwa wa babu mmoja. Hali kadhalika, kuna kuvu ziitwazo kuvu za uozo wa kahawia, nazo zimekusanywa na jina zaidi kuliko nasaba.

Nyumba za kale za Ng'ambo zilijengwa kwa nguzo na fito, zikakandikwa udongo na kuezekwa makuti. Paa likivuja, miti hulowa na kuvu huota. Fundi husema mti umeoza. Lakini neno hilo moja hubeba mambo mawili. Mti una selulosi, ambayo ni nyuzi zake, na lignini, ambayo huzishikanisha. Kuvu za uozo mweupe huweza kula vyote viwili. Zile za uozo wa kahawia hula selulosi na kuacha sehemu kubwa ya lignini. Mti hugeuka kahawia, hupasuka vipande vya mraba, na mwishowe husagika kama unga.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha ulinganisho wa jenomu za kuvu 31. Ilidhihirika kwamba uozo mweupe ndio wa kale, wa yapata miaka milioni 300, na kwamba koo mbalimbali, kila moja kwa wakati wake, zilipoteza jeni za vimeng'enya vya kuvunja lignini, zikawa za kahawia. Ndiyo maana Serpula lacrymans, mharibifu wa majengo Ulaya, ina udugu wa karibu na uyoga uishio kwa ushirika na mizizi ya miti kuliko na Fomitopsis, ambayo nayo ni ya kahawia.

Tofauti hii ina uzito kwa mwenye nyumba. Uozo wa kahawia huikata selulosi mapema, hata nguzo ikapoteza nguvu ingali ikionekana nzima. Hata hivyo, kuvu za koo zote huhitaji maji. Kwa hiyo kuziba paa ni kinga dhidi ya zote.